Kununua nyumba ya zamani Mtwara na Lindi: mwongozo kamili kwa anayetafuta

Nyumba ya kwanza niliyoipenda Mikindani, mji mkongwe jirani na Mtwara mjini, ilikuwa na wenyewe kumi na mmoja. Mimi niliambiwa ina mwenyewe mmoja, kijana mpole aliyeshika funguo na kunitembeza chumba hadi chumba. Mlango wa nakshi, baraza la mawe linalotazama ghuba, ua wenye kisima. Nilikuwa nimeshapima madirisha. Wiki ya tatu bibi jirani aliniita barazani kwake, akanikunjulia mkeka, akaniuliza: "Mwanangu, dada yao wa Masasi umeshaongea naye? Na wale walio Msumbiji?"

Sikuwa nimeongea na yeyote. Nilipomaliza kuhesabu, warithi walikuwa kumi na mmoja, mirathi haijafunguliwa mahakamani, na yule kijana alikuwa mjukuu aliyeachiwa funguo ili nyumba isikae gizani. Nashukuru sikuwa nimetoa hata shilingi ya kishika uchumba.

Niliendelea kutafuta kwa miezi kumi na minne, Mtwara mjini, Mikindani na Lindi, mpaka nikapata. Nilichokiona kila mahali ni kimoja: nyumba ya zamani ina watu wengi kuliko vyumba vyake. Ukuta uliopasuka hutengenezeka. Mrithi aliyesahauliwa anaweza kukutoa kwenye nyumba uliyokwisha kuipaka rangi. Ndiyo maana katika mwongozo huu watu na karatasi wanatangulia, na nyundo na bisbisi zinakuja baadaye.

Hatua ya 1: Jua ni "zamani" ipi unayoitaka

Huku kwetu nyumba za zamani si za aina moja, na kila aina ina maradhi yake.

Zipo nyumba za mawe, hasa Mikindani na chache Lindi mjini: matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, kuta nene, na boriti za mikoko juu. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, upana wa mita 2.5 hadi 3 tu, kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya hapo. Kabla hujaanza kutafuta, panda ukaone Boma la Mikindani, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895 na baadaye likakarabatiwa kuwa hoteli. Pale utaona ukuta wa mawe uliotunzwa unavyotakiwa kuwa, na jicho lako litakuwa na kipimo.

Zipo nyumba za wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, duka chini na makazi juu, nyingine zikiwa na roshani ya mbao. Zipo za enzi ya bandari, wakati Mtwara ilipojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanza 1947, na bandari ya kina kirefu iliyofunguliwa 1954. Za namna hii utazikuta Shangani na Ligula: viwanja vikubwa, veranda pana, na mara nyingine paa la asbesto. Tena zipo nyumba zetu za Kiswahili za Chikongola, Majengo na Magomeni: korido katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma. Hizi za mwisho ndizo zenye bei ya mtu wa kawaida, lakini gonga ukuta kabla hujasifu. Nyingi ni mbavu za mbwa, yaani fito na udongo, zilizovishwa lipu ya saruji, na kwa macho matupu huwezi kuzitofautisha na tofali.

Hatua ya 2: Chagua miezi yako

Mvua zetu huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Nyumba iangalie mara mbili: mara moja kwenye jua, na mara nyingine Februari au Machi, mvua ikiwa inanyesha, siyo kesho yake. Paa linalovuja halijifichi mvuani. Barabara ya mtaa nayo itakuonyesha kama maji yanapita au yanalala mlangoni.

Kuhusu bei, tazama korosho. Minada ikianza Oktoba na malipo yakishuka, fedha zinakuwa mikononi mwa watu, wanunuzi wanaongezeka, na mwenye nyumba hana haraka. Kati ya Mei na Agosti mambo hugeuka. Mimi nilikagua mvuani na kukubaliana bei Juni, na sijutii kusubiri.

Jihadhari pia na bei za matarajio. Wakati wa joto la matarajio ya gesi asilia, miaka ya 2012 na 2013, viwanja na nyumba Mtwara vilipandishwa mno. Hadi leo utakutana na mwenye nyumba anayekumbuka bei ya mwaka ule na kuishikilia. Lindi nako, habari ya mradi wa gesi ya Likong'o ikitajwa redioni, bei zinaamka. Wewe nunua nyumba iliyopo, kwa maisha yaliyopo.

Hatua ya 3: Dalali, na miguu yako

Dalali ana kazi yake na anastahili ujira wake. Kubalianeni mapema ujira ni kiasi gani, nani anaulipa, na kwamba unalipwa siku ya mkataba. Mwambie wazi kwamba hutaongea bei kabla hujakutana na mwenye nyumba ana kwa ana. Dalali anayekuzuia kumwona mwenye mali, achana naye.

Ila nyumba nzuri za zamani aghalabu hazifiki kwa dalali. Zinajulikana msikitini, sokoni, kwa mafundi na kwa wajumbe. Tembea jioni, salimia wazee barazani, sema unachotafuta. Nyumba niliyonunua nilitajiwa na fundi seremala aliyekuwa akiniwekea bawaba za kabati.

Hatua ya 4: Hesabu watu wa nyumba

Hapa ndipo utakapotumia muda mwingi, na usiuonee uchungu. Chukua daftari. Ukurasa wa kwanza andika aliyejenga nyumba, kisha shuka: wake zake, watoto, waliofariki, watoto wa waliofariki. Muulize muuzaji, halafu waulize majirani wawili wenye umri mkubwa, kila mmoja peke yake. Majina yakitofautiana, hapo ndipo pa kuchimba.

Kusini kuna jambo ambalo mgeni wa kutoka bara huwa halioni. Wamakonde, Wayao, Wamwera na Wamakua kwa asili hufuata upande wa mama, na mali ya mjomba ina wapwa wanaoitazama. Wakati huohuo familia nyingi za mjini ni za Kiislamu na mirathi yao inagawiwa kwa sheria ya dini. Katika nyumba moja utakuta watoto wanasema ni ya baba yetu, na wapwa wanasema ni ya mjomba wetu, na kila upande unasema kwa nia safi. Si kazi yako kuamua nani ana haki. Kazi yako ni kuhakikisha mahakama imeshaamua kabla hujatoa fedha.

Kama aliyeandikwa kwenye karatasi amefariki, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Muhtasari wa kikao cha familia hautoshi, hata ukiwa na mihuri mitatu. Mirathi ikifunguliwa Mahakama ya Mwanzo, uteuzi unakuwa kwenye Fomu Namba 4. Baadaye msimamizi anarudisha orodha ya mali, Fomu Namba 5, na hesabu za mgawanyo, Fomu Namba 6. Omba kuziona zote. Asiye na ya 4 hana mamlaka. Mwenye ya 4, angalia kama nyumba hiyo imo kwenye ya 5. Na ikiwa ya 6 inaonyesha nyumba ilishagawiwa, basi wauzaji ni warithi wenyewe na kila mmoja atie saini yake. Chukua namba ya shauri, nenda mahakamani ukaulize kama jalada lipo na kama kuna pingamizi. Ni safari ya asubuhi moja.

Kisha wenza. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Ridhaa iwe ya maandishi, na umsikie mwenyewe akisema. Muuzaji mwenye wake wawili, ongea na wote wawili. Niliwahi kukaa na mama mmoja Lindi aliyekuwa akipepeta mchele huku mumewe akinieleza bei. Hakunyanyua uso. Nilipomuuliza, "Na wewe mama, umeridhia?" aliweka ungo chini, akasema, "Nitahamia wapi, mwanangu?" Tuliishia hapo, na nilimshukuru kwa kusema.

Baada ya familia, hesabu hawa:

Wapangaji. Anayeishi chumba cha mbele miaka ishirini haondoki kwa sababu umenunua. Andika kodi yake, mkataba wake, na makubaliano ya kuondoka au kubaki, yote yawemo kwenye mkataba wako wa mauziano. Ndugu anayeishi bila kulipa ni mgumu zaidi. Anaweza kukupeleka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya na kukupotezea miaka hata kama hatashinda.

Wenye miti. Pwani yetu mtu anaweza kuwa na kiwanja, na mwembe au minazi iliyomo ikawa ya mwingine, aliyeipanda au kuirithi. Uliza mti mmoja mmoja ni wa nani, uandikwe kwenye mkataba.

Waliolala. Nyumba nyingi za zamani zina makaburi uani au pembeni ya kiwanja. Usimwamini anayesema "tutayahamisha tu". Kuhamisha kaburi kuna utaratibu wake wa kisheria, na kuna uchungu wa watu ndani yake. Mimi naona vyema ununue ukijua makaburi yatabaki, muandikiane kwamba ndugu wataruhusiwa kuja kuzuru, na bei izingatie eneo hilo.

Jirani wa ukuta mmoja. Mikindani nyumba nyingi zinashiriki ukuta. Mkishiriki ukuta, mnashiriki na maji yanayoshuka kwenye ukuta huo. Kaa naye, muulize, msikilize.

Hatua ya 5: Karatasi

Anza na upekuzi rasmi. Ukiwa na namba ya hati au ya kitalu na kiwanja, unaomba upekuzi Ofisi ya Ardhi ya Mkoa, unalipia kwa namba ya malipo ya serikali, na majibu yanaonyesha mmiliki aliyeandikishwa, rehani ya benki kama ipo, na zuio lolote lililowekwa. Fanya hivyo mwanzoni, na ufanye tena siku chache kabla ya kulipa.

Ukipata nakala ya hati, tafuta tarehe ya kuanza na idadi ya miaka. Hati zetu hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Kwa nyumba ya zamani hesabu hii ni ya lazima: hati ya miaka 33 iliyoanza 1988 ilikwisha 2021, na anayekuuzia nyumba leo anakuuzia pia kazi ya kuomba upya. Dai risiti za kodi ya pango la ardhi, maana malimbikizo yatakufuata. Kodi ya majengo tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU, kwa hiyo mita iliyokaa muda mrefu bila kununuliwa umeme huwa na deni linalosubiri. Kwenye maji uliza salio la akaunti, MTUWASA kwa Mtwara na LUWASA kwa Lindi.

Kwa nyumba za ghorofa za wafanyabiashara kuna historia usiyoweza kuiruka. Mwaka 1971 ilipitishwa Sheria ya Kutwaa Majengo, na majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalichukuliwa na serikali chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 majukumu hayo yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Maana yake, familia inaweza kuwa imeishi juu ya duka kwa vizazi vitatu, inaijua kila mbao, na bado ikawa ni wapangaji. Wanaweza wasiwe waongo. Wajukuu wengine hawajui kabisa. Upekuzi utajua.

Nyumba nyingi za Mikindani na mitaa ya zamani hazijapimwa. Hapo unachonunua ni haki ya mtu inayotambuliwa na majirani na serikali ya mtaa. Mtendaji na mwenyekiti wa mtaa wawepo, majirani wa pande zote nne waonyeshe mipaka kwa miguu yao, siyo kwa kidole, na watie saini. Kumbuka kwamba mhuri wa mtaa ni ushahidi tu, hauhamishi umiliki. Baada ya kununua, omba upimaji au ingia kwenye urasimishaji wa makazi yasiyopimwa kama unaendelea eneo hilo.

Kuna mistari mitatu isiyoonekana kwa macho. Wa kwanza ni mita 60 kutoka ufukweni: Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani yake, na Mikindani ni mji uliokaa mdomoni mwa bahari, kwa hiyo usinunue ukiwa na ndoto ya kuongeza vyumba kabla hujauliza manispaa. Wa pili ni hifadhi ya barabara kuu, mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Tafuta alama ya X ukutani, hata chini ya rangi mpya. X nyekundu maana yake hakuna fidia, ya kijani inatambua fidia. Wa tatu ni mambo ya kale. Jengo la kihistoria linaweza kuwa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na hapo kubomoa ukuta au kung'oa mlango wa nakshi si uamuzi wako peke yako. Uliza kwanza. Mimi nafurahi sheria hii ipo. Mlango wa Mikindani ukiuzwa ukapelekwa mbali, haurudi.

Hatua ya 6: Ukague mwili wa nyumba

Nenda na fundi asiye rafiki wa muuzaji wala wa dalali, na umlipe siku hiyohiyo. Beba tochi, bisbisi, penseli, mpira wa maji wa kupimia usawa, na ngazi. Anzia juu, ushuke.

Paa. Panda ndani ya dari. Zima tochi ukae dakika mbili gizani: vitundu vya misumari vitaonekana kama nyota. Washa tena uangalie kenchi. Chumvi ya bahari hula misumari kabla ya bati, na bati lisilo na msumari mzuri ndilo linaloondoka upepo ukija. Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitukumbusha sote. Waulize majirani maji ya Hidaya yalifika wapi, na paa gani ziliondoka. Ukikuta asbesto, usiruhusu mtu kuikata, kuitoboa wala kuisugua. Vumbi lake linaua mapafu. Weka gharama ya kuiondoa kwa wataalamu kwenye bei.

Boriti. Boriti ya mkoko haiozi katikati, inaoza mahali inapoingia ukutani, kwa sababu unyevu unakaa humo. Choma bisbisi pale pale kwenye kona, kila boriti, usiruke hata moja. Ikizama zaidi ya kucha, hesabu hiyo ya kubadilisha. Ukikuta vinjia vya udongo vinapanda ukutani, huyo ni mchwa. Vivunje, urudi baada ya siku tatu. Vikiwa vimejengwa upya, bado yumo.

Na usikubali fundi anayesema atakuletea boriti za mikoko usiku. Mikoko ni misitu ya hifadhi, na kuikata bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) ni kosa. Mbao iliyotibiwa vizuri inafanya kazi hiyo.

Kuta. Hapa nataka twende taratibu, maana ndipo nyumba nyingi za mawe zinapouawa na watu wanaozipenda. Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua. Unanyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa nje kupitia lipu ya chokaa, mwaka hadi mwaka. Siku utakapoufunika kwa lipu ya saruji, umeuziba pua. Maji yanazidi kupanda ndani, yanabeba chumvi, chumvi inakauka na kuvimba nyuma ya lipu, na lipu inabanduka ikiwa imeng'ang'ania uso wa jiwe. Saruji inatengenezwa hapahapa Mtwara tangu 2015, iko kila duka, na fundi ataichukua bila kufikiri.

Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kila hatua moja. Sauti nzito ni salama. Sauti ya kopo tupu maana yake lipu imeachana na ukuta. Kwenye nyumba niliyokuja kununua, fundi aliomba ruhusa akatoa kipande cha lipu ukubwa wa sinia. Nyuma yake jiwe lilikuwa jeupe na lenye maji. Alilipitisha kidole, likatoka unga kama sukari iliyolowana. Sehemu ya juu ya ukuta huohuo, ambako lipu ya zamani ya chokaa haikuguswa, bisbisi haikuingia hata kidogo. Ukuta mmoja, miaka ileile. Picha ya mahali pale ndiyo iliyoshusha bei.

Kwa hiyo ukiona saruji kwenye nyumba ya mawe, usikimbie, ila hesabu kazi ya kuibandua yote taratibu na kupiga chokaa upya. Chokaa iloweshwe wiki kadhaa kabla ya kutumika. Na jiwe la kuzibia lisitoke kwenye tumbawe hai la baharini: chukua mawe ya magofu au ya machimbo ya nchi kavu.

Nyufa zitofautishe. Ufa mwembamba kama unywele kwenye lipu ni wa kawaida. Unaopanda kwa mshazari kutoka kona ya dirisha na kutanuka unavyopanda, huo unaonyesha msingi unaotitia. Ukuta uliotoa tumbo ndio wa kuogopa kuliko vyote, kwa sababu kokoto za katikati zimeshuka na uso umebaki kama ganda. Ufa wenye mashaka, uandikie tarehe: chora mstari wa penseli unaoukatiza, andika upana na siku, kisha rudi baada ya mwezi.

Nyumba za enzi ya bandari na za tofali zina ugonjwa mwingine, nondo. Zege lililochanganywa na mchanga wa pwani lina chumvi, nondo inapata kutu, inavimba, na lenta inapasuka kwa chini. Tazama juu ya kila dirisha. Ukiona michirizi ya rangi ya kutu, gonga.

Umeme usiujaribu kwa kuwasha taa tu. Fungua soketi moja uone waya. Waya wa zamani wenye ganda linalokatika kama biskuti unabadilishwa nyumba nzima. Fungua chemba za maji taka, mwaga ndoo mbili chooni, uangalie yanakokwenda. Kisima cha uani onja maji yake: Mikindani mengi yana chumvi, yanafaa kufulia na kumwagilia.

Hatua ya 7: Bei

Mpe fundi karatasi, aandike kila kazi na gharama yake kwa bei za mwezi huo. Halafu ongeza theluthi. Nyumba ya zamani ikifunguliwa huwa inatoa siri, na sijaona hata moja iliyotoa siri ya kupunguza gharama. Toa jumla hiyo kwenye bei ya nyumba isiyo na ubovu ya mtaa huo, na hicho ndicho kiwango chako cha juu. Muonyeshe muuzaji karatasi na picha kwa heshima. Usiikashifu nyumba ya baba yake. Sema, "Mzee, nyumba ni nzuri, na hii ndiyo kazi iliyomo." Watu wa kwetu wanaelewa kazi.

Hatua ya 8: Mkataba, malipo, uhamisho

Wakili awe wako. Mkataba wa mauziano utaje mipaka, miti, wapangaji, makaburi, madeni na siku ya kukabidhiwa nyumba tupu. Lipa kwa benki, kwenye akaunti ya aliyeandikwa kwenye hati au ya msimamizi wa mirathi. Usilipe kwa simu ya ndugu yake. Bakiza sehemu ya fedha hadi funguo na uhamisho vikamilike, na hilo liandikwe.

Kwa nyumba yenye hati, uhamisho unapita kwenye Fomu za ardhi Namba 29, 30 na 35, pamoja na ripoti ya uthamini. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, asilimia 10 ya faida kwa mkaazi, na bila uthibitisho wa TRA uhamisho hauendi. Kwa hiyo kabla ya kusaini mkubaliane atailipa lini. Ushuru wa stempu ni asilimia 1. Ukiombwa muandike bei ndogo ili kodi ipungue, kataa. Ukija kugombana, mahakama itasoma bei iliyoandikwa.

Hatua ya 9: Miezi ya kwanza

Badilisha jina kwenye maji na umeme, na toa nakala za kila karatasi uziweke nyumba nyingine. Kisha usivunje kitu. Safisha mifereji, ziba bati, fungua madirisha yote asubuhi hadi jioni, uache nyumba ikauke na upepo wa kusi. Kazi ya chokaa ianze mvua zikiisha, Mei au Juni, ukuta ukiwa mkavu. Lala humo kwa mvua moja kamili kabla hujaamua chumba gani kiwe jiko, na wakati huo pitia kwa kila jina lililo kwenye daftari lako la hatua ya nne, uwaambie kwamba umehamia.